Mashoka ya Kale katika Nchi ya Bunia

Msafiri anayevuka Ziwa Albert kutoka upande wa Uganda na kushuka Kasenyi huianza safari ya Bunia katika joto. Ziwa liko kiasi cha mita 620 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nzito, na harufu ya samaki waliotiwa chumvi humfuata mtu hata nje ya kijiji. Kisha barabara huanza kupanda. Hupinda kushoto, hupinda kulia, ikiukwea ukingo wa Bonde la Ufa, na kila ageukapo nyuma msafiri huliona ziwa limekuwa dogo zaidi, mpaka afikapo Bogoro na kupigwa usoni na upepo wa baridi. Toka hapo zimebaki kilomita 25 hivi, katika nchi ya majani na vilima. Ndipo Bunia inapotokea: mji mkuu wa jimbo la Ituri tangu mwaka 2015, ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, mji wa mabati yang'aayo, mikaratusi, pikipiki na vumbi jekundu.

Wengi huja Bunia kwa biashara, wengine kwa shauri za ofisi, na wengi mno wamekuja kwa kukimbia vita. Sisi leo, ndugu msomaji, twende kutazama kitu kidogo kisichotajwa katika habari za mji huu, nacho ni shoka. Katika nchi hii shoka ni mtumishi wa kila nyumba. Ndilo linalopasua kuni za mkaratusi asubuhi, ndilo linaloangusha miti ya kuchomea makaa, au makala kama wasemavyo wenyeji, ndilo linalochonga nguzo za nyumba ya udongo. Mwenye kwenda magharibi, kupita Komanda mpaka Mambasa, ataingia katika msitu mkubwa wa Ituri, na huko hakuna shamba lisiloanza kwa shoka. Hata Wambuti, wenyeji wa kale wa msitu, hupanda mtini na shoka dogo kuufungua mzinga wa nyuki wa mwituni.

Lakini ukichungulia chini ya vitanda, nyuma ya jiko, au katika kona ya ghala, utaona mashoka mengine ambayo hayatumiki tena. Ni ya babu au ya shangazi, mengine hayana mpini, na yote yamevaa kutu nyekundu kama udongo wa njia. Kijana wa nyumba huyatazama kwa dharau na kutamani shoka jipya la sokoni lenye rangi nzuri. Wazee walisema kweli: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Baadhi ya mashoka mapya ya bei ndogo hujikunja makali siku ya kwanza yanapokutana na mti mkavu, na huenda chini ya kutu ya shoka la babu imelala feleji, yaani chuma cha pua, iliyo bora kuliko yote yaliyopangwa sokoni.

Basi kijana mwingine husema, "Nitalisafisha." Nia yake ni njema. Ila mara nyingi jambo la kwanza analolitenda ndilo linaloliua shoka: hulitupa motoni, ili moto uchome kipande cha mpini kilichobaki tunduni na kuibandua kutu. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza kazi hii tangu mwanzo, kwa ajili ya mtu asiyepata kuifanya.

Mashoka haya yametoka wapi

Mashoka ya kale ya nchi ya Bunia ni ya namna mbili, na mtu hawezi kuyasafisha vema asipoyatambua.

Namna ya kwanza ni shoka la mhunzi wa Kiafrika. Halina tundu. Nyuma yake chuma kimechongoka kama mkia, na mkia huo hupenya katika kichwa kinene cha mpini wa mti. Kila pigo huukaza mkia zaidi, hata shoka na mpini vikawa kama kitu kimoja. Ufundi huu ni wa zamani sana. Katika nchi za Maziwa Makuu watu walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri za udongo na mivukuto zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kama yanavyoonyesha mabaki yaliyochimbuliwa katika nchi ya Buhaya, Tanzania. Ng'ambo ya Ziwa Albert, ufalme wa Bunyoro ulijulikana kwa biashara ya majembe ya chuma na chumvi ya Kibiro.

Namna ya pili ni shoka lililotoka ng'ambo ya bahari, lenye tundu la kutilia mpini na kisogo kipana. Mashoka ya namna hii yaliongezeka wakati wa dhahabu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana Kilo, kaskazini-magharibi ya Bunia, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Mgodi unataka miti: miti ya kuegemeza udongo, miti ya mifereji ya kuoshea mchanga, miti ya madaraja na nyumba. Barabara zilikatwa, na mizigo ikaja kwa njia nyingi. Mojawapo ilikuwa njia ya Mombasa: reli mpaka Uganda, kisha bandari ya Butiaba, kisha meli kulivuka Ziwa Albert. Wazee wengi wa kando ya ziwa waliijua meli iliyoitwa Robert Coryndon, iliyofanya kazi humo tangu miaka ya 1930 mpaka maji ya ziwa yalipofurika katika miaka ya 1960 na kuiharibu bandari ya Butiaba. Nayo meli ikazama hapo hapo.

Shoka la namna ya pili mara nyingi lina alama iliyopigwa ubavuni: jina la mji, namba ya uzito, au mnyama. Katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji au Wafaransa waweza kukuta maneno "acier fondu", ambayo ni Kifaransa, maana yake feleji iliyoyeyushwa. Maneno haya ni kama cheti cha ubatizo cha shoka. Tena hayakuchimbwa kwa kina kirefu; mtu akilisugua shoka kwa nguvu za kijinga atayafuta pamoja na kutu, wala hayatarudi kamwe.

Kutu ni kitu gani

Wanafunzi wamejifunza shuleni kwamba hewa ina oksijeni. Chuma, oksijeni na maji vikikutana, chuma huanza kugeuka na kuurudia udongo kilikotoka: hicho ndicho tunachokiita kutu. Kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba, hupasuka, na kubanduka magamba; na gamba likibanduka, maji hupata nafasi ya kugusa chuma kipya. Ndiyo maana kutu haisimami yenyewe. Ikiachwa itakula mpaka mwisho.

Chumvi huiharakisha kazi hiyo. Shoka lililokaa Kasenyi kwenye magunia ya samaki wa chumvi litaliwa upesi kuliko lile lililokaa katika nyumba kavu kilimani. Udongo wenye maji nao ni adui, na mashoka mengi ya Ituri yalizikwa ardhini na wenyewe walipokimbia, ili wayakute watakaporudi.

Lakini si kila rangi iliyo juu ya chuma ni adui. Kutu nyekundu, iliyo ya ungaunga, ndiyo mlaji. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyokoza, laini na iliyoshikamana sana na chuma, ni ngozi ya uzee. Hiyo hukilinda chuma kidogo. Mwanafunzi wa kazi hii anapaswa kuondoa nyekundu na kuiacha nyeusi. Anayetaka shoka la kale ling'ae kama kioo ataondoa chuma kizuri kwa ajili ya macho tu.

Uliza kwanza habari ya moto

Kabla hujashika brashi, uliza swali moja: je, shoka hili limepata kuingia motoni?

Maana makali ya shoka hayakupata ugumu wake kwa bahati. Mhunzi aliyapasha moto mpaka yakawa mekundu, akayachovya katika maji au mafuta yakawa magumu mno, kisha akayapasha tena taratibu kwa moto mdogo ili yapunguze ugumu na yasivunjike kama chungu. Moto huo wa pili ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hugeuka rangi ya majani makavu kwenye joto la digrii 220 hivi, na kwenye digrii 300 huwa buluu. Kikizidi hapo, ugumu hutoweka. Makaa ya jikoni hupita joto hilo mara mbili kwa urahisi. Shoka likitolewa humo litakuwa safi, tena zuri kulitazama, lakini makali yake yatakuwa laini kama msumari.

Swali hili lina uzito wa pekee Bunia. Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999, na nyumba nyingi mno zilichomwa. Huko Bogoro tulikopita, kijiji kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, watu wakauawa na nyumba zikateketezwa. Habari hizo zilisikilizwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo mwaka 2014 ilitoa hukumu juu yake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 mapigano yalizuka tena katika teritwari ya Djugu, na maelfu kwa maelfu walihama, wengi wakakimbilia Bunia. Mwenye kurudi kwake hukuta majivu, na katika majivu hukuta vile ambavyo moto haukuweza kuviteketeza: sufuria iliyopinda, jembe, na shoka. Hulichukua shoka kwa furaha. Haya, na alichukue, maana ni lake. Lakini ajue kwamba huenda lina maradhi mawili, si moja. Kutu hula nje, na jicho huiona. Moto hula ndani, wala jicho halioni kitu.

Namna ya kujua ni hii. Chukua tupa nzuri, uipitishe taratibu pembeni kabisa mwa makali, mahali palipokwisha safishwa. Ikiteleza bila kukata, feleji ni ngumu sana. Ikikata kidogo, kwa shida, shoka ni zima. Ikizama na kukata kwa wepesi, kama inavyokata upande wa kisogo, basi ugumu umekwenda. Shoka la namna hiyo lisitupwe. Lipelekwe kwa mhunzi. Yeye ataupasha ukingo wa makali mpaka uwe mwekundu na sumaku isiushike tena, atauchovya, kisha ataupasha tena kwa moto mdogo mpaka rangi ya majani makavu au ya kahawia ionekane. Mafundi wa mji, wanaofua visu na majembe kutoka springi za magari makuukuu, wanaielewa kazi hiyo, na mwanafunzi hana aibu kuwapelekea.

Tazama pia nyufa. Lining'inize shoka kwa uzi, uligonge kidogo kwa kipande cha mti. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa huweza kutoa sauti butu. Ufa wa kwenye tundu au kwenye makali ukiwa mrefu, shoka hilo lisitumike tena, maana kipande kitakachoruka kinaweza kumpofua mtu. La kuvunda halina ubani.

Kazi yenyewe

Mwanafunzi achague kwanza shoka lisilo na thamani, ajifunzie hilo.

Mpini uliooza usitolewe kwa moto. Ukate kwa msumeno karibu na chuma, kisha uitoboe mbao iliyobaki tunduni, uisukume nje kwa kipande cha chuma na nyundo. Usiyapige makali wala kisogo kwa nyundo ya chuma, kwa kuwa chuma kigumu kikigongana na kigumu hurusha vipande.

Vaa kitambaa puani, kinga macho, vaa na glovu kama unazo. Watu husema kutu huleta pepopunda, sivyo. Pepopunda huletwa na vijidudu vya udongo na samadi vinavyoingia katika jeraha la ndani, na shoka lililozikwa ardhini huwa na udongo mwingi. Ukijikata, osha jeraha kwa maji na sabuni, uende zahanati ukaulize habari ya chanjo.

Kwanza lioshe shoka kwa maji ya moto na sabuni, ulitoe udongo na mafuta ya zamani. Kisha likwangue magamba makubwa kwa kipande cha shaba au ncha ya mti mgumu, ambavyo ni laini kuliko feleji na haviikwaruzi. Mara nyingi kutu iliyobaki baada ya hapo ni ndogo, na brashi ya waya pamoja na mafuta ya taa yatatosha. Sugua kidogo, futa, tazama, sugua tena. Kwa shoka lenye alama ya kiwandani, afadhali uishie hapa.

Kama kutu imeingia katika vishimo, tumia siki. Siki ya dukani ina asidi kiasi cha sehemu 5 katika 100, na hiyo yatosha. Asiye na siki akamue malimau. Mimina katika ndoo ya plastiki au bidoni lililokatwa, ulizamishe shoka lote, maana likizama nusu litaachwa na mstari mahali maji yalipoishia. Asubuhi ulizamishe, jioni ulitoe na kulipiga brashi; ikibaki kutu, ulirudishe mpaka asubuhi. Usilisahau humo siku nyingi! Asidi haijui mpaka. Ikimaliza kutu itaanza kula chuma, na makali membamba ndiyo yatakayoliwa kwanza.

Siki ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Zamani mafundi wengi waliliunda shoka kwa chuma laini, kisha wakaunga feleji mbele tu, kwenye makali, kwa sababu feleji ilikuwa ghali. Siki huipaka feleji ngumu rangi nyeusi zaidi kuliko chuma laini. Kwa hiyo shoka likitoka katika siki na kuoshwa, mara nyingi utauona mpaka kama wimbi, kijivu upande huu na weusi upande ule. Sehemu nyeusi ikiwa bado ni pana, shoka lina miaka mingi mbele yake. Ikiwa imebaki kama uzi, mababu wamekwisha kuila kwa kunoa, na lililobaki mkononi ni ukumbusho tu.

Likitoka katika siki, lioshe mara moja kwa maji yaliyochujwa katika majivu, kwa sababu maji hayo huua asidi. Kisha maji safi. Kisha ulikaushe upesi, kwa kitambaa na karibu na jiko, si juu ya makaa: liwe na joto ambalo mkono waweza kulivumilia. Likiachwa na unyevu hata kwa dakika chache litageuka manjano, yaani kutu changa imekwisha kuzaliwa. Papo hapo, likiwa bado na joto, lipake mafuta ya mashine.

Wako mafundi wanaotumia umeme wa betri ya gari katika maji yenye magadi, wakilifunga shoka upande wa hasi na kipande cha chuma kibovu upande wa chanya. Njia hii ni nzuri, kwa kuwa huondoa kutu bila kula chuma. Lakini ifanywe nje ya nyumba na mbali na moto, maana hutoa gesi iwakayo. Na kipande cha upande wa chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kama kijiko au sufuria ya kung'aa, maana hutia sumu mbaya majini. Anayeanza asimame kwenye siki.

Makali, mpini na nta ya msituni

Shoka likiwa safi, kazi ya makali ni ya tupa na jiwe la kunoa. Sukuma tupa kwa upande mmoja tu, uiinue unapoirudisha. Makali ya kupasulia na kukatia miti migumu yawe na mwinuko wa digrii 25 mpaka 30 hivi, yakijaa kidogo kama tumbo la samaki. Yakiwa membamba kama kisu yatamenyeka. Usikimbilie jiwe la mashine linalozunguka kwa umeme. Cheche zake huwafurahisha watoto, lakini ukingo ukigeuka buluu hata kwa nukta moja, moto umefanya kazi ile ile tuliyoihofia. Ukilazimika kulitumia, chovya shoka majini kila mara.

Mpini na utoke katika mti mgumu usio na fundo, wenye nyuzi ndefu zilizonyooka toka mwisho hadi mwisho. Mpera hufaa sana. Mkaratusi uliokaushwa kivulini nao hufaa, na kuzunguka Bunia haukosekani. Mti mbichi usitumike, maana utasinyaa, na siku moja shoka litaruka kutoka mpinini.

Juu ya mafuta ya kulihifadhi, wengi hutumia mawese kwa sababu yako karibu. Kwa siku chache si kitu. Lakini mawese hayakauki yakawa ngozi. Hunata, hukusanya vumbi, na yakichacha huzaa asidi yake yenyewe. Nchi ya Ituri ina kitu bora zaidi, nacho ni nta ya nyuki. Iyeyushe nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiitie motoni peke yake, maana hushika moto. Uichanganye na mafuta ya kitani kiasi cha mara mbili au tatu yake, uyapake kwenye mpini na kwenye chuma. Vitambaa ulivyotumia na mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kona. Huweza kujiwasha vyenyewe. Vianike vikauke, au uvizike.

Mahali pa kukomea

Katika Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Pili cha Wafalme, kuna habari ya mtu aliyekuwa akikata mti kando ya Yordani, na chuma cha shoka lake kikatumbukia majini. Alilia, si kwa sababu chuma ni ghali tu, bali kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Na nabii Elisha akakifanya chuma kielee. Kila shoka la kale ni la kuazima. Lilitumiwa na mtu kabla yetu, na laweza kutumiwa na mtu baada yetu, kama hatutalimaliza kwa haraka yetu.

Kwa sababu hiyo fundi mwema haulizi, "Niondoe kiasi gani?" bali huuliza, "Niache nini?" Aache alama ya aliyelitengeneza, aache ngozi nyeusi ya uzee, aache vishimo vilivyoliwa mbali na makali, kwa maana haviudhi mtu. Aondoe kutu hai, hiyo tu. Familia iliyorudi kwake ikiwa na shoka moja la zamani haihitaji shoka la kupamba ukuta. Yataka shoka litakaloangusha nguzo za nyumba mpya kabla ya mvua kubwa, na mwakani litakuwapo bado.

Likiisha kazi kila siku, lifute udongo na utomvu, lipake mafuta kidogo, liinue mahali pakavu penye hewa, mbali na chumvi na mbali na sakafu ya udongo. Na mtoto akikuuliza kwa nini usilitupe jikoni moto ulimalize upesi, mpe tupa mkononi, umwonyeshe tofauti ya chuma kilichopona na chuma kilichoungua. Atakapoisikia tupa ikizama katika kile cha pili, hatasahau.